Greene Vardiman Black: aliyefundisha dunia kutoboa meno, akajua pia kutibu jino la mtoto bila mashine

KINDU – Jino la mtoto mdogo likianza kuoza, familia nyingi za Kindu, kama zile za miji mingine ya mashariki mwa Congo, zinaona njia mbili tu: kungoja jino lianguke lenyewe, au kumpeleka mtoto ling'olewe. Njia ya tatu ipo. Ni kupaka dawa yenye madini ya fedha juu ya sehemu iliyooza, bila sindano, bila mashine ya kutoboa, bila hata umeme.

Wanaoisikia kwa mara ya kwanza wanafikiri ni kitu kipya kilichotoka ng'ambo juzi. Lakini matibabu ya namna hiyo yalielezwa kitabuni tangu 1908. Na aliyeyaeleza ni yuleyule ambaye waganga wa meno duniani wanamkumbuka kama mwalimu mkuu wa kutoboa na kuziba meno: Greene Vardiman Black, Mmarekani aliyefariki miaka zaidi ya 100 iliyopita. Dunia ilishika nusu ya mafundisho yake na kuiacha nusu nyingine, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyowahusu watoto.

Mtoto wa shamba

Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836, karibu na mji mdogo wa Winchester, katika jimbo la Illinois, katikati ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba. Shule aliisoma kwa muda mfupi sana. Kwa sehemu kubwa ya utoto wake alikuwa porini na mtoni, akiangalia wanyama, mimea na mawe, na tabia hiyo ya kuangalia kitu kwa makini kabla ya kusema neno juu yake ilibaki naye mpaka uzee.

Alipofikia umri wa miaka 17 alikwenda kukaa kwa kaka yake Thomas, ambaye alikuwa mganga. Huko akaanza kujifunza uganga kwa kusoma vitabu vya kaka yake na kumsaidia kwa wagonjwa. Mwaka wa 1857 alikutana na mganga wa meno aliyeitwa Speer, akajifunza kazi hiyo kwake. Katika Marekani ya siku hizo wengi waliingia kazi ya meno kwa njia hiyo: kijana anakaa karibu na fundi, anatazama, anashika vyombo, kisha anakwenda kufungua chumba chake mwenyewe. Ndivyo Black alivyofanya. Akarudi Winchester akaanza kutibu watu.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka Marekani. Black akaingia jeshi la upande wa Kaskazini, akatumwa kazi ya upelelezi mbele ya kikosi. Wakati huohuo wa vita mke wake wa kwanza alifariki. Mwaka wa 1864 Black akahamia mji mwingine wa Illinois unaoitwa Jacksonville, akaanza maisha upya, na mwaka uliofuata akaoa tena.

Mashine ya mguu

Jacksonville ndipo jina lake lilipoanza kujulikana. Mchana alitibu meno. Usiku alisoma, akatazama vipande vya meno kwa hadubini, akatengeneza vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na diploma ya chuo kikuu alipoanza, lakini baadaye vyuo ndivyo vilivyomwita aje kufundisha, na vikampa digrii kwa heshima ya kazi yake.

Katika vyombo alivyobuni mmoja unamgusa moja kwa moja mtu wa Kindu: mashine ya kutoboa meno inayoendeshwa kwa mguu. Mganga alikanyaga kibao, kama fundi wa nguo anavyokanyaga cherehani, na kamba ikazungusha chuma kidogo kilichoingia ndani ya jino. Haikuhitaji umeme. Kazi ambayo zamani ilichukua muda mrefu kwa kukwangua kwa mkono sasa iliweza kwisha haraka zaidi.

Mashine za aina hiyo zilibadilisha kazi ya meno. Lakini kutoboa peke yake hakutoshi. Shimo likishafunguliwa, linazibwa kwa nini? Katika siku za Black, wengi walitumia mchanganyiko wa fedha na madini mengine uliokorogwa na zebaki, ule unaoitwa amalgamu. Shida ilikuwa kwamba kila mtengenezaji alichanganya kwa namna yake. Amalgamu moja ilisinyaa ikaacha mwanya, nyingine ikavimba ikapasua jino. Black akatengeneza mashine za kupima nguvu na badiliko la mchanganyiko huo, akafanya majaribio mengi, na karibu na 1895 akatoa kipimo ambacho kiliifanya amalgamu iwe kitu cha kutegemewa. Kile ambacho watu wa Congo wanakiita plombage kilikaa juu ya msingi huo kwa miaka mingi sana.

Sheria za kutoboa

Baada ya kupata mashine na kitu cha kuzibia, Black aliweka sheria. Aligawanya mashimo ya meno katika madarasa kulingana na mahali yalipo: juu ya meno ya kutafunia, ubavuni, mbele, karibu na ufizi. Mgawanyo huo bado unafundishwa katika shule za meno duniani na unabeba jina lake.

Akafundisha pia kwamba mganga asiishie kwenye sehemu iliyooza tu. Alitaka shimo lipanuliwe mpaka mahali ambapo mswaki na mate vinafika, hata kama ni lazima kukata sehemu nzima ya jino, ili kuoza kusirudi pembeni ya plombage. Kwa mtu mzima wa wakati ule, mwenye kitu cha kuzibia kisichoshikamana na jino, fikra hiyo ilikuwa na maana. Kizazi baada ya kizazi cha waganga wa meno kilikariri sheria hizo.

Mwaka wa 1897 Black akawa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Chicago, kazi aliyoishika mpaka kufa kwake. Mtoto wa shamba aliyesoma shule kidogo sana sasa alikuwa akiongoza moja ya shule kubwa za meno nchini mwake.

Mwaka wa 1908, kitabu chake kikubwa juu ya kazi ya kutibu meno kikatoka. Ni mwaka uleule ambao Congo ilitolewa mikononi mwa Mfalme Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji, na katika miaka hiyo reli ya kutoka Kindu kuelekea Kongolo ilikuwa ikijengwa. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba kitabu cha Chicago kingeweza kuwa na neno kwa mtoto wa kando ya mto Lualaba. Lakini neno lilikuwamo.

Kurasa za watoto

Black alijua kwamba jino la mtoto ni tofauti na jino la mtu mzima. Mtoto ana meno 20 ya utoto. La kwanza linatokea karibu na miezi 6, na yale ya nyuma ya kutafunia yanabaki mdomoni mpaka miaka 10 hadi 12. Ganda lake gumu la nje ni jembamba. Chumba cha ndani, penye mshipa wa damu na wa maumivu, ni kikubwa ukilinganisha na udogo wa jino lenyewe. Kwa hiyo kuoza kunafika ndani upesi, na chuma cha mashine vilevile kinafika ndani upesi.

Tena kuna mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka 3 hawezi kukaa kimya na mdomo wazi huku chuma kinazunguka ndani ya jino lake. Akishikwa kwa nguvu, ataogopa mganga wa meno maisha yake yote, na akiwa mkubwa atakuja tu siku ambayo maumivu yamemshinda, wakati kitu kinachobaki ni kung'oa.

Kwa meno kama hayo Black alieleza njia nyingine. Mganga anachukua patasi ndogo ya mkono, anapunguza kingo za jino zinazoficha shimo, ili chakula kisikwame na sehemu iliyooza iwe wazi kusafishwa. Kisha anapaka nitrati ya fedha, dawa inayotokana na madini yaleyale yanayotengenezewa pete na herini. Dawa inaingia katika sehemu iliyooza, inaifanya iwe nyeusi, na kuoza kunasimama. Jino linabaki na weusi, lakini linabaki mdomoni na linafanya kazi mpaka wakati wake wa kuanguka.

Black hakuwa wa kwanza kutumia fedha kwa meno. Miaka 17 kabla ya kitabu chake, mwaka wa 1891, mganga mwingine wa Marekani anayeitwa Stebbins alikuwa ameandika juu ya nitrati ya fedha katika meno yaliyooza ya watoto. Uzito wa Black ulikuwa katika jina lake. Mtu aliyeweka sheria za kutoboa alikubali, katika kitabu chake mwenyewe, kwamba sheria hizo hazikumfaa kila mgonjwa.

Alikuwa pia amesaidia kueleza kwa nini jino linaoza. Mwalimu Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alionyesha mwaka wa 1890 kwamba vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayolainisha jino. Black alieleza jinsi vijidudu hivyo vinavyojishika kwenye jino chini ya utando mwembamba unaonata. Kwa hiyo kuoza kulionekana kama ugonjwa unaoendelea siku kwa siku, na ugonjwa unaweza kusimamishwa. Shimo ni alama yake tu. Mwishoni mwa karne ya 19 Black aliwaambia wanafunzi wake kwamba siku inakuja ambapo kazi yao kubwa itakuwa kuzuia kuoza kuliko kutengeneza kilichoharibika.

Meno ya kahawia ya Colorado

Kazi yake ya mwisho ilimpeleka mbali na Chicago, kwenye milima ya Colorado. Huko mganga wa meno kijana, Frederick McKay, alikuwa ameona jambo la ajabu tangu alipofika mwaka wa 1901: watu wengi waliozaliwa katika mji wa Colorado Springs walikuwa na madoa ya kahawia kwenye meno. Wenyeji walilizoea. Waganga wengi walilipuuza. Mwaka wa 1909 McKay alifaulu kumvuta Black, ambaye tayari alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Black hakuamini kwamba jambo kama hilo lingeweza kukosa kuandikwa vitabuni. Alikuja, akatazama, akachukua meno akayachunguza kwa hadubini, akaendelea na uchunguzi huo mpaka kifo chake. Yeye na McKay waligundua mambo mawili. La kwanza, madoa yanaingia jino linapojengwa ndani ya ufizi, kabla halijatokea. Mtu mzima akihamia mji huo hayapati. La pili lilikuwa la kushangaza zaidi: meno hayo yenye madoa hayakuoza kwa urahisi.

Black hakuishi kuona jibu. Lilipatikana mwaka wa 1931, maji ya kunywa yalipopimwa na kukutwa na floridi nyingi. Floridi ikizidi inatia madoa kwenye meno ya watoto wanaokua. Ikiwa kwa kiasi kidogo inaimarisha ganda la jino dhidi ya asidi. Ndiyo sababu leo iko ndani ya dawa za meno zinazouzwa madukani.

Wasomaji wa mashariki mwa Congo wana mfano wa karibu. Katika nchi za volkano, maji ya mahali pengine yana floridi nyingi: kandokando ya Nyiragongo huko Kivu ya Kaskazini, na katika Bonde la Ufa huko Tanzania, hasa upande wa Arusha, kuna watu wenye meno ya kahawia kama yale aliyoyaona Black. Wengi wamefikiri ni uchafu au laana. Ni maji.

Tarehe 31 Agosti 1915 Black alifariki, akiwa na umri wa miaka 79. Miaka 3 baadaye, mwaka wa 1918, sanamu yake ilizinduliwa katika bustani ya Lincoln Park mjini Chicago. Mwanawe Arthur alifuata kazi ya baba na baadaye akaongoza shule ileile ya meno.

Nusu iliyosahauliwa

Baada ya kifo chake, sheria za Black za kutoboa na kuziba ziliingia katika kila shule ya meno. Njia ya fedha iliendelea kwa muda. Mwaka wa 1917 Percy Howe, aliyefanya kazi Boston katika hospitali ya meno ya watoto, alitengeneza aina nyingine ya dawa hiyo, na kwa miaka mingi waganga waliitumia wakaiita kwa jina lake.

Lakini mambo yalikuwa yanageuka. Dawa za ganzi zilikuwa bora kuliko zamani. Mashine za umeme zilizunguka kwa kasi ambayo mguu wa Black usingeweza kamwe. Katika nchi tajiri kutoboa kulionekana kuwa ndiyo kazi ya kisasa, na jino jeusi likaonekana kama kazi ya mtu asiye na vyombo. Nitrati ya fedha ikatoka polepole vitabuni, na watoto wakatibiwa kama watu wazima wadogo.

Katika nchi ambazo hazikuwa na mashine wala umeme wa uhakika, matokeo yalikuwa mabaya zaidi. Zilifundishwa kwamba matibabu ya kweli ni ya mashine, na kwa kuwa mashine haikuwapo, kilichobaki mkononi mwa mganga kilikuwa koleo. Kwa mtoto wa Maniema na wa sehemu nyingi za Afrika, hospitali ya meno ikawa mahali pa kung'olewa jino.

Kurudi kwa njia ya mkono

Kurudi kulianza sehemu tofauti. Japani, watafiti walichanganya fedha na floridi katika dawa moja, na karibu na 1970 ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa. Fedha inaua vijidudu, na floridi inaimarisha sehemu iliyolainika. Mawazo mawili ambayo Black aliyafuata katika sehemu mbili tofauti, fedha ya kurasa za watoto na maji ya Colorado, yakakutana ndani ya tone moja.

Karibu nasi, nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, mganga wa meno Mholanzi Jo Frencken pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutibu mashimo ya meno kwa vyombo vya mkono peke yake. Walikwangua sehemu laini iliyooza, wakaacha sehemu ngumu, kisha wakaziba kwa saruji ya meno inayoshika jino lenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Mgonjwa angeweza kulazwa juu ya meza ya shule. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya afya duniani, Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiunga mkono njia hiyo iliyozaliwa Afrika Mashariki, na ikaenea nchi nyingi.

Marekani yenyewe, nchi ya Black, iliiruhusu dawa ya fedha na floridi mwaka wa 2014. Mwaka wa 2021 OMS iliiweka, pamoja na saruji ya meno na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha ya dawa za lazima ambazo kila nchi inapaswa kuwa nazo.

Inavyofanywa leo

Kazi yenyewe ni fupi. Mtoto analazwa mapajani mwa mama. Mganga anasafisha jino, anazungushia pamba ili mate yasifike, anapaka mafuta midomoni kwa sababu dawa ikigusa ngozi inaacha doa la muda. Kwa burashi ndogo anapaka tone kwenye sehemu iliyooza, anangoja kama dakika moja, anafuta kilichozidi. Hakuna sindano. Baada ya siku chache sehemu iliyokuwa laini na ya kahawia inakuwa nyeusi na ngumu. Dawa inarudiwa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, kwa sababu kupaka mara moja tu hakudumu kwa watoto wote.

Kuna mipaka ambayo mzazi anapaswa kuijua. Ikiwa ufizi umevimba na kutoa usaha, ikiwa mtoto analia usiku kwa maumivu yanayokuja yenyewe, au uso umevimba, kuoza kumeshafika kwenye mshipa. Hapo dawa ya fedha haitoshi, na mtoto anahitaji kufikishwa hospitali upesi. Mtoto ambaye mwili wake unakataa madini ya fedha hapakwi. Na weusi haufutiki: jino la mbele likipakwa litaonekana jeusi mpaka lianguke. Mzazi aambiwe hivyo kabla, na yeye ndiye anayeamua.

Wapo wazazi wanaosema kwamba meno ya utoto yataanguka tu, kwa nini kujisumbua. Lakini jino la kutafunia linalooza kwa mtoto wa miaka 3 lina miaka 7 au zaidi mbele yake. Katika miaka hiyo mtoto anayeumwa hali vizuri, halali vizuri na hasomi vizuri. Usaha wa jino la utoto unaweza kuharibu jino la ukubwa linalojengwa chini yake. Na jino likitolewa mapema, majirani yake yanasogea na kuziba nafasi, kisha jino jipya linatoka limepinda. Ripoti ya OMS ya 2022 ilihesabu karibu watoto milioni 514 duniani wenye meno ya utoto yaliyooza bila kutibiwa.

Neno kwa Kindu

Kindu iko kando ya mto, mwisho wa reli, na kila kitu kinachofika pale, kutoka sabuni mpaka dawa, kinakuja kwa ndege, kwa treni inayochelewa, kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Umeme ni wa wachache. Waganga wa meno wa nchi wamejaa zaidi Kinshasa na katika miji mikubwa. Mama wa Alunguli, ng'ambo ya mto, anavuka kwanza maji kabla ya kufika hospitali za Kasuku na Mikelenge. Kwa mji kama huo, kungoja viti vya umeme na mashine za kisasa ndipo watoto watibiwe ni kuwaacha watoto wa leo.

Chupa ndogo ya dawa ya fedha inatosha meno mengi, haihitaji umeme, na muuguzi aliyefundishwa vizuri, chini ya mganga wa meno, anaweza kuipaka katika kituo cha afya au shuleni. Kinachohitajika ni uamuzi wa wenye mamlaka ya afya kuiagiza pamoja na dawa nyingine za lazima, na mafunzo kwa wanaoipaka.

Nyumbani pia kuna sehemu ya wazazi. Bomboni, biskuti na chai yenye sukari nyingi vikiliwa kila saa, vijidudu alivyovieleza Black vinapata chakula kila saa. Sukari ikibaki kwa wakati wa mlo, mate yanapata nafasi ya kutengeneza jino. Mtoto asilale na chupa yenye kitu kitamu mdomoni. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku tangu la kwanza linapotokea, na mtu mzima ndiye anayeshika mswaki. Dawa ya meno iwe yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha mbegu ya njegere kwa wa miaka 3 mpaka 6.

Black alitumia maisha yake kufundisha jinsi ya kukata jino vizuri. Katika kitabu kilekile aliandika jinsi ya kuliacha jino la mtoto bila kulikata. Shule zilikariri ya kwanza kwa zaidi ya miaka 100. Ya pili bado inangoja wa kuifikisha Kindu.